Mwaka Tuliokwenda Ibra Kuchagua Wachezaji

Siku ya tatu ya azaa, yaani matanga, ya mume wangu, wageni wa kike walipokwisha kuondoka na mabinti wa jirani wako jikoni wanaosha vikombe, nilikaa peke yangu katika chumba cha ndani. Mlango wa majlis, chumba cha wageni wanaume, ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Wanaume walikuwa bado wamo. Walikwisha kusoma, walikwisha kula, na sasa, kama ilivyo kwa wanaume wa Sur wakiachwa pamoja, walikuwa wanazungumza mpira. "Mchezaji bora aliyetuletea marehemu ni yule kipa wa Nizwa," alisema mmoja. "Kipa gani, yakhe? Kipa yule ikipigwa kona anajificha nyuma ya mabeki wake!" Wakacheka kwa sauti, kisha mmoja akakumbuka walipo, akasema, "Astaghfirullah, jamani, tumo msibani," wakanyamaza wote. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa ncha ya kanga, nacheka nao. Nilitamani waendelee. Tangu azikwe watu walikuwa wanamwombea tu, na dua ninazishukuru, lakini hakuna aliyekuwa amemtaja kama mtu aliyekuwa na kazi yake, na mzaha wake, na watu wa kubishana nao. Baadaye wakataja majina mengine, kwa sauti ndogo. Jina nililokuwa nalisubiri halikutajwa. Sikushangaa, kwani mwenye jina hilo hakuwa mchezaji wa kukumbukwa na watu wengi. Naliandika hapa mimi, pamoja na mwaka wenyewe, kwa sababu yaliyopita upande wa wanawake mwaka ule wanaume hawayajui, na Hemedi mwenyewe, marehemu mume wangu, nilimhadithia nusu tu.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa mgeni Omani. Asubuhi Hemedi alikuwa mtu wa ofisi ya serikali. Baada ya alasiri alikuwa mtu wa klabu. Hakuwa kocha wala kiongozi. Kazi yake ilikuwa kuwatazama vijana wa vyuo na kusema yupi achukuliwe. Vijana wa mji wenyewe wakikua kidogo tu wanakwenda Maskati kutafuta kazi, au wanachukuliwa na jeshi, na klabu inabaki na watoto na wenye vitambi. Lakini vyuoni, Ibra, Nizwa na hapo hapo Sur, kila mwaka waliingia vijana kutoka vijiji visivyokuwa na klabu, wengine hawajapata kuvaa viatu vya mpira, na kati yao walikuwamo wenye miguu ya ajabu. Klabu ikimchukua mmoja humtafutia na kazi, na kwa kijana anayemaliza chuo kazi ndiyo hasa iliyokuwa ikitafutwa. Mwaka uliotangulia klabu mbili zilimsajili kijana mmoja, kila moja na saini yake mkononi, watu wakakosana mpaka harusi ikasusiwa. Ndipo wazee wa klabu tatu, ya kwetu, ya Ibra na ya Nizwa, walipopatana kwamba mwisho wa mwaka wa masomo watakaa pamoja mara moja katika majlis ya mtu asiyekuwa na upande, na kuchagua kwa zamu: huyu amchukue mmoja, na huyu mmoja, na huyu mmoja, kisha kuanza tena, mpaka kila mtu atosheke. Nasikia kwengine duniani jambo hilo hufanywa mbele ya televisheni, watu wamevaa suti. Sisi tulifanya kwa tende na kahawa. Sharti lilikuwa kijana mwenyewe awe radhi, na baba yake awe radhi. Pasipo radhi ya baba jina lake halisemwi kabisa.

Alhamisi, siku ya mapumziko, Hemedi alikuwa anakwenda kuwatazama, nami nilikuwa nakwenda naye. Si kwa kupenda mpira. Nyumba yetu ya Sur ilikuwa na mwangwi. Nikiita jina langu sebuleni linanirudia, na sikuwa na mtoto wala ndugu wa kuijaza nyumba. Basi natia chai ya maziwa kwenye thamosi, mikate ya ufuta kwenye kitambaa, tunashika njia ya Ibra na mchanga wa Bidiya upande mmoja. Tukiwahi kwenda Jumatano hunishusha kwenye soko la wanawake, nikazunguka humo nikitafuta manukato na watu wa kusema nao Kiswahili, na daima nilipata mmoja. Uwanja wa chuo ulikuwa changarawe tupu, mistari imechorwa kwa oili chafu ya gari, na kijana akianguka huinuka na damu gotini. Mimi hubaki garini, kioo nimekishusha. Hemedi husimama karibu na mlango wangu badala ya kukaa na wenziwe wa klabu nyingine, na mimi nilipendelea kuamini kwamba ni kwa ajili yangu, mpaka siku moja aliponiambia kwamba akikaa nao wanatazama macho yake yanakwenda kwa nani.

"Leo unamtazama nani?" nilimuuliza siku ile.

"Yule mwembamba. Wa kushoto."

"Yule? Si ndiye aliyenyang'anywa mpira sasa hivi?"

"Ndiye. Mtazame sasa."

Kijana yule alikuwa keshageuka. Alimkimbilia aliyemnyang'anya, akampita, akakata njia mbele yake karibu na goli lao wenyewe, akauchukua mpira wake bila ya kumgusa mtu, akaanza safari upya. Hakumtazama mwenziwe yeyote kwa lawama, wala hakuangalia nani kamwona. "Wengi wakinyang'anywa huweka mikono kiunoni wakamtafuta wa kumgombeza," Hemedi alisema. "Huyu hana wakati huo." Mimi, kusema kweli, nilikuwa namtazama mwengine, mshambuliaji wa Ibra aitwaye Talib, mrefu, nywele zake nzuri, anapiga mpira kwa kifua kama anaupokea mgeni. Nikamwambia Hemedi angekuwa na akili angemchukua Talib. Akacheka, akasema kila mtu ana akili hiyo, ndiyo maana kutakuwa na vita.

Yule mwembamba alikuwa Rashidi. Nilimjua vizuri klabu ilipowaita baadhi ya vijana waje wafanye mazoezi Sur kwa siku mbili, wakalala kwenye majlis yetu, viatu vimejaa mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kunyamazisha mwangwi wake. Niliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikawapelekea sinia mlangoni, nikasimama nyuma ya pazia kusikia kama wanasifu. Hawakusifu, walikuwa wanataniana. "Mpisheni Mzinjibari," ilikuwa sauti ya Talib, "chakula chao hiki." "Mimi si wa Zanzibar," Rashidi alimjibu. "Mimi nimezaliwa Bujumbura." "Bujumbura si Zanzibar?" "Bujumbura hakuna hata bahari." "Basi ni Zanzibar iliyokauka!" Wakaangua kicheko wote, na nikamsikia Rashidi naye anacheka, kisha anasema, "Haya, lakini pale uwanjani mbona unanikimbia, weye uliyelowa?" Baadaye alikuja mpaka mlango wa jikoni, akainamisha macho, akasema, "Shikamoo, dada." Nilikuwa simzidi sana kwa miaka. Nikamwambia, "Marahaba, lakini unanizeesha." "Mwenye jiko huamkiwa," alisema. Alitaka pilipili. Nikampa, na kwa kuwa alisimama kama mtu mwenye zaidi ya pilipili, nikamuuliza kama anataka kuja kuishi Sur. Akasema anataka sana. Akasema pia haitakuwa. Baba yake amekataa, na akimaliza mitihani tu atapelekwa Bujumbura kwa ami yake, kukaa dukani. Tikiti imeshakatwa.

Sababu ilikuwa kaka yake. Seif, mkubwa wake, alikuwa akicheza mpira kabla yake, na watu walisema ni mzuri kuliko yeye. Klabu moja, haina haja kuitaja na siku hizi haipo, ilimchukua kwa ahadi ya kazi. Alicheza, akaanguka, goti likageuka, na ile kazi haikuja, wala hakuja mtu hata na kilo ya machungwa. Sasa alikuwa anakaa nyumbani kwao Samad Ash Shan, anachechemea baina ya mitende ya watu. Hemedi alikuwa ameshakwenda huko peke yake kumwona baba, Mzee Khalfani, na alirudi kashiba na kakataliwa. "Alinichinjia kuku," aliniambia. "Akanikaribisha kwa mikono miwili, akaniuliza habari za Unguja, akanipa na tende za kuja nazo. Nikitaja mpira tu ananiongezea mchuzi." Tulicheka, lakini alipokwisha kucheka alikaa anachezea funguo za gari. Klabu ilimtaka alete mshambuliaji. Yeye alimtaka yule. Na hakuwa mtu wa kumzunguka mzee wa watu.

Siku ya kuchagua ilifanyika Ibra, kwa Sheikh Nasor, mzee aliyekulia Tabora na kuheshimiwa na pande zote, kwa sababu ugomvi wa klabu haukumhusu na mpira hakuupenda. Wanaume waliingia majlis, mimi nikachukuliwa na mkewe, Bi Zuwena, kwenye chumba cha wanawake kilichopakana nao, pana dirisha dogo la ndani limefunikwa kitambaa. Alikuwa ameandaa boko boko, samli inang'aa juu yake, na mimi tangu nitoke Unguja sikuwa nimekula boko boko la namna ile, ngano imepondeka mpaka imekuwa kama krimu. Nilikula kwa pupa. Bi Zuwena alikula kidogo, sikio dirishani. "Mimi majlis hii naijua kuliko waliomo," aliniambia. "Miaka yote hii nasikia ndoa za watu zikisuluhishwa hapa, na mashamba, na maji ya mifereji ya falaji. Leo ni mpira. Haya, tusikie."

Wakapiga kura kwa kokwa za tende zilizokwaruzwa, zikatiwa ndani ya kikombe zikatikiswa. Nizwa ikapata kuanza, Ibra ikafuata, sisi tukawa wa mwisho. Nilisikia mtu wa klabu yetu anavuta pumzi. Mtu wa Nizwa, bwana mnene mwenye sauti nzuri, hakungoja hata kidogo. "Talib," alisema. Mtu wa Ibra akalalamika kwamba Talib ni mtoto wa mtaa wao, mama yake anawafulia jezi. Akaambiwa kura ni kura, akamtaja beki mmoja kwa hasira. Ikawa zamu yetu. Kahawa ilikuwa inazunguka. Hemedi alianza kusema kwamba kabla ya kutaja jina angependa kuuliza jambo kuhusu sharti la radhi ya baba, na mtu wa Nizwa akamkata, na Hemedi akamjibu, na yule akamjibu tena, na katika kujibizana huko, kwa mazoea ya barazani kwetu, ambako mtu hukiweka kikombe pembeni mwa goti lake apate mkono wa kuzungumzia, Hemedi akakiweka kikombe chini. Kimejaa. Hajakionja.

Majlis yote ikanyamaza. Mimi sikuelewa. Niliona tu Bi Zuwena ameacha kula, mkono uko juu ya sinia. "Mumeo ana haja kubwa," alinong'ona. "Haja gani?" "Mgeni mwenye haja hakinywi kikombe mpaka mwenye nyumba ampe anachokitaka. Huku bara ya Omani ndivyo. Akikiweka chini hivyo, mbele za watu, mwenye nyumba hana pa kukimbilia." Nikamwambia kwetu Unguja kikombe huwekwa chini kipoe. Akanitazama, akaelewa, akaziba uso kwa mikono miwili. Upande wa pili Sheikh Nasor alikuwa ameshasema, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu mzito: "Hemedi, kunywa kahawa yako. Unachokitaka umekipata." Na mtu wa Nizwa akainuka nusu. "Sheikh, hapana! Huyu anamtaka Talib! Tumepiga kura!" "Kaa, Abu Hamed," Sheikh alisema. "Hajasema."

Nimefikiri sana, tangu nibaki peke yangu, juu ya kile kitambo kidogo. Klabu ilitaka mshambuliaji. Mtu wa klabu yetu, mzee mwenye ndevu za hina, alikuwa anamfinya Hemedi paja, Bi Zuwena aliniambia, kwa kuwa yeye alikuwa amechungulia. Ilitosha kusema neno moja. Nikamsikia Hemedi anakohoa. "Sheikh, niwie radhi," alisema. "Sikuwa na haja. Yaani haja ninayo, lakini si kwa ajili yake nilikiweka. Kahawa ilikuwa ya moto na mimi nilikuwa na maneno mengi. Mila hii sikuijua." Kikaja kicheko, kwanza cha mtu mmoja, halafu cha majlis nzima, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Abu Hamed wa Nizwa. "Mwingereza huyu!" alisema. "Mleteeni na kijiko!" Mzee wetu wa ndevu za hina hakucheka. Sheikh Nasor aliwangoja wamalize. "Sawa," alisema. "Umesema kweli. Lakini kikombe kimeshawekwa kwenye nyumba yangu, wameona wote, na mimi neno langu limeshatoka. Haja unayo, umesema mwenyewe. Basi itaje."

Hapo ndipo Hemedi alipomtaja Rashidi. Akaeleza habari za Mzee Khalfani, na za Seif, na za tikiti. Akasema hamtaki Sheikh ampe mchezaji. Mchezaji atamchagua kwa zamu yake kama wenziwe. Anachotaka ni Sheikh aende naye Samad, azungumze na yule mzee. "Akikataa mbele yako, basi. Sitarudi tena." Wakakubaliana zamu yetu isubiri mpaka jibu lije, na Abu Hamed, aliyekuwa bado anafuta machozi ya kucheka, akasema hata asubiri mwaka mzima, maana huyo winga mwembamba yeye hakuwa na haja naye. Nikasikia Hemedi anakunywa. Bi Zuwena alisema, "Kimeshapoa hicho," akanipakulia boko boko tena.

Tulikwenda Samad asubuhi iliyofuata, Ijumaa, kabla ya sala, Sheikh na Bi Zuwena gari yao mbele, sisi nyuma. Nyumba ya Mzee Khalfani ilikuwa ya matofali ya simenti, haijapakwa rangi, mfereji wa falaji unapita karibu na ukuta, watoto wanarusha maji. Wanaume chumba cha mbele, sisi cha nyuma, pazia la maua kati yetu. Mama yake Rashidi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anaondoa kokwa kwenye tende huku anazungumza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule kwao, cha haraka, kimechanganyika na maneno ambayo sikuyajua. Seif alipita uani akienda kwa wanaume. Nilimtazama mguu kisha nikaona aibu kwa kuutazama. Rashidi sikumwona, waliniambia amekwenda kukaa kisimani, hakuweza kustahimili.

Tulisikia kahawa ikimiminwa, kisha hatukusikia mtu akinywa. "Sheikh kakiweka," Bi Zuwena alininong'oneza, na safari hii hakikuwekwa kwa bahati mbaya. Mzee Khalfani akaelewa. "Sheikh," alisema, "unanipa mtihani ndani ya nyumba yangu. Wewe siwezi kukuangusha. Lakini niruhusu nimuulize huyu bwana wa Sur. Mwanangu mkubwa alikwenda anakimbia, akarudi hivi unavyomuona. Nikikupa na huyu, goti likivunjika, nani atamtazama?"

"Jibu," Sheikh alimwambia Hemedi.

"Goti siwezi kulidhamini," Hemedi alisema. Namsikia mpaka leo, sauti yake ya chini, ya mtu asiyekuwa na haraka. "Kazi klabu imeahidi, nami naamini watatimiza, lakini viongozi hubadilika na siwezi kuwaapia. Ninachoweza kuapa ni nyumba yangu. Akiumia atakaa kwangu, kama ndugu yangu, mpaka apate pa kwenda. Ikiwa mwaka, mwaka. Ikiwa umri wake wote, umri wake wote."

Mama yake Rashidi aliiweka tende mkononi mwake na kokwa yake ndani. "Nyumba hiyo anayoitoa," alisema, "mwenyewe si wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuuliza?"

Bi Zuwena akanikanyaga mguu. Nilijua anataka niseme ndiyo. "Hakuniuliza," nilisema.

Kutoka upande wa pili ikaja sauti ya Mzee Khalfani. "Mimi kwa ajili ya Sheikh nimekubali. Lakini aliyemuuguza Seif ni mamake. Aliyemsafisha, aliyemgeuza kitandani, ni yeye. Bila ya neno lake sina neno."

"Basi mimi nakuuliza," mama yake alinambia.

Sikuwa na muda wa kutafuta maneno mazuri. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimepewa mgonjwa asiyekuwa bado mgonjwa, kwa umri wake wote, na mume wangu alikuwa amekwisha kuapa kabla sijameza mate. Nikamwambia yaliyokuwa moyoni jinsi yalivyokuwa. Kwamba nyumba ni ya kupanga. Kwamba chumba cha ziada hakuna, atalala majlis. Kwamba mimi sijapata kumuuguza mtu hata siku moja na sijui kama ninaweza. Kwamba na mume wangu tutazungumza njiani. "Lakini mwanao nimeshamlisha," nilisema. "Alikuja mlangoni kwangu akaniamkia. Akiumia sitamtoa. Hilo naliweza."

Akaitoa kokwa kwenye ile tende. "Utamwambia nini mumeo njiani?"

"Kwamba nyumba ikitaka kugaiwa, anayeulizwa mwanzo ni mke."

Akacheka. Alikuwa na pengo moja mbele, na alipocheka alionekana msichana. Bi Zuwena akacheka, na mabinti waliokuwa mlangoni wakacheka, mpaka Sheikh Nasor akapaza sauti kutoka kule, "Huko mnacheka nini? Sisi huku tumekaa roho mkononi!" Mama yake Rashidi akainuka, akajifuta tende vidoleni, akaenda mpaka kwenye pazia. Hakulifunua. "Mwambieni Sheikh anywe kahawa yake," alisema.

Njiani tulizungumza, na niliyomwambia Hemedi siyaandiki hapa. Alikubali kosa mapema kuliko nilivyotaka. Tulipofika Bidiya tulikuwa tunanunua tikiti maji.

Rashidi alikuja Sur baada ya mitihani na godoro lake na begi moja. Klabu ilitimiza ahadi, akapata kazi ya stoo. Nataka niseme kweli juu ya mchezo wake, maana wasemaji wa majlis ya msibani walikuwa sawa kutomtaja. Hakuwa nyota. Talib alifunga magoli mengi kwa Nizwa mwaka ule, na mzee wetu wa ndevu za hina alimkumbusha Hemedi kila moja la magoli hayo, moja baada ya moja. Hemedi mwenyewe alikiri kwamba akili yangu ile ya garini haikuwa mbaya. Lakini klabu ilikuwa karibu kushuka daraja, na haikushuka, na waliokuwa wanajua mpira walisema ni kwa sababu upande wa kushoto mtu akinyang'anywa mpira, anayemnyang'anya hafiki nao mbali. Nyumbani alikuwa anakula sana, anaimba bafuni vibaya, na nguo zake zenye vumbi la uwanja ziliniudhi kila wiki. Mwangwi sikuusikia tena.

Kila baada ya mechi, magharibi ikishaswaliwa, simu ya mezani ilikuwa inalia, nami najua ni Samad. Mama yake hakuniuliza mpira hata siku moja. Alikuwa hasalimii sana. "Magoti?" anasema. "Mazima yote mawili," namwambia. "Alhamdulillah," anasema, anakata. Msimu wote ulikuwa hivyo. Wakishinda, wakifungwa, ni magoti tu, na mimi nikazoea kumtazama Rashidi miguu kabla ya uso anapoingia, nisije nikamdanganya mama wa watu. Siku ya mechi ya mwisho wanaume walirudi wamechelewa, gari zinapiga honi mtaani, Hemedi sauti imemkauka, na simu ilikuwa inalia kabla hawajavua viatu. Nikainua.

"Magoti?"

"Mazima yote mawili, mama."

"Alhamdulillah."

Nikangoja akate. Hakukata. Nilimsikia anahema, na nyuma yake maji, na sauti ya Seif inamwambia kitu.

"Na mpira, mwanangu?" alisema. "Ulikuwaje?"

Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kumhadithia tangu mwanzo.